Kisiwa ambako kima anakula makala

Siku nne ku Unguja, pamoja na viongozi wa msitu na wa bahari. Tulienda kutazama wanyama; tulirudi na swali juu ya moto unaowaka mu mbabula zetu.

Watu wa Lubumbashi wanaijua njia ya Dar es Salaam. Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, Mbeya, kisha mteremko mrefu mpaka baharini. Mabasi yanapeleka mama zetu wa biashara Kariakoo na kuwarudisha na viloba vya nguo, viatu na sahani. Lakini uliza kati yao ni wangapi walivuka maji kwenda kutembea ku kisiwa cha Unguja, ambacho kwa boti ya kasi ni mwendo wa karibu saa mbili tu. Wengi watakucheka. "Kwenda kuangalia nini? Nyani? Nyani iko na kwetu."

Sisi pia tulikuwa tunasema vile. Tulikuwa watatu: waandishi wawili wa ukurasa huu, na mama mmoja wa soko ya Kenya, ile komini yetu, siyo nchi. Mama alikuwa amemaliza kununua vitu vyake, anangojea kontena ijae. Alitufuata kwa neno moja: "Miaka kumi na tano niko nakuya huku, na sijakanyaka mu maji ya bahari hata siku moja. Leo tunaenda wote."

Basi, konji yetu ya siku nne ikaanza. Na tuwaambie mapema, ndugu wasomaji: hatukuenda kulala ku mchanga. Tulitaka kuona jinsi wenzetu wa kule wanavyopata chakula kwa kuonyesha wanyama wao, maana sisi tuko na Upemba, tuko na Kundelungu, na bado tunazisoma mu vitabu vya shule tu.

Lugha moja, maneno mawili

Ku bandari ya Unguja wanatazama tena pasipoti, ijapokuwa ni Tanzania ile ile. Sisi tulikuwa na karte ya manjano ya chanjo mkononi, kama Mkongo yeyote mwenye akili ya safari. Afisa alitusikiliza tukiongea kati yetu, akatabasamu: "Nyinyi wa Kongo." Hakuuliza. Alikuwa ameshajua.

Kiswahili cha vitabu vyetu kilichukuliwa ku lahaja ya kisiwa hiki, Kiunguja. Tulifikiri basi tutaongea kama mtoto anayerudi kwa nyanya yake. Saa ya kwanza tu, mama yetu aliona mzee anayeuza madafu pembeni ya barabara, akamwendea kwa heshima yote: "Papa, niko nataka kuuza ile nazi."

Mzee alimtazama mikono mitupu. "Unauza? Ziko wapi, mwanangu? Mimi mwenyewe ndiye nauza."

Kwetu Katanga, kuuza ni kutoa pesa na kuchukua kitu. Mwenye kitu yeye anauzisha. Kule ni kinyume. Na zaidi ya hayo, "papa" kule siyo baba. Ni samaki mkubwa mwenye meno, yule anayekula watu. Mzee alipoelewa yote mawili alicheka mpaka akaketi ku sanduku lake. Kisha akatufundisha: hapa, ukimkuta mtu mzima, unaanza na shikamoo, yeye atakuitikia marahaba, mengine yatafuata. Akatupasulia madafu matatu.

Hadithi hii siyo ya kuchekesha tu. Mgeni wa Ulaya anazungushwa ku kisiwa kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kiitaliano, na anapewa maneno yaliyopimwa. Sisi, ijapokuwa tulikosea, tulipewa yale ambayo kiongozi anamwambia jirani yake.

Kobe wanaohesabiwa, chui asiyerudi

Kiongozi wa siku ya kwanza alikuwa mzee wa mjini, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na sauti ya mwalimu. Alitupitisha mu vichochoro vya Mji Mkongwe, akasimama mbele ya nyumba moja ya Shangani yenye mlango wa kuchongwa. "Hapa alikaa Hamed bin Muhammed, mnayemwita Tippu Tip. Alifariki hapa mjini mwaka 1905."

Tulinyamaza. Mu karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka kwetu. Msiri naye, ku Bunkeya, alikuwa anapeleka pembe na shaba kuelekea pwani. Zilibebwa ku mabega ya watu, na wengi wa watu wale hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo tembo wetu, tunasema mnyama, siyo chupa, alifika ku kisiwa hiki mbele yetu. Lakini alifika vipande vipande. Watalii walikuwa wanapiga picha ya mlango. Sisi tulitazama chini.

Toka pale tulipanda mashua kwenda Changuu, kisiwa kidogo mbele ya mji. Watu wanakiita kisiwa cha gereza, ila jengo la mwaka 1893 halikufunga wafungwa. Lilitumika kama karantini ya wasafiri wa meli. Wenye kisiwa leo ni kobe. Siyo kobe wa pale: mwaka 1919 wanne waliletwa kutoka Shelisheli, zawadi ya gavana wa Kiingereza. Ni wazito kuliko gunia la unga, wengine wamepita miaka mia, na ku mgongo wa kila mmoja wamemwandikia umri wake kwa rangi.

Mama aliuliza kwa nini kuna ukuta na waya. Mzee akajibu kwa taratibu: wizi. Walizaana wakafika wengi, kisha wakaanza kuibwa na kuuzwa ng'ambo, na mwaka 1996 walihesabiwa wakakutwa saba tu. Ndipo ukajengwa uwanja wa kuwalinda, wakaletwa wadogo kuongeza hesabu. "Kobe hakimbii," alisema. "Akiwa hana mlinzi, mwizi anamchukua kama jiwe."

Mu mashua, wakati wa kurudi, tulimwuliza juu ya chui. Tulikuwa tumesikia kwamba Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, mwenye madoa madogo madogo. Mzee hakujibu haraka.

"Watu waliamini chui wana wenyewe," alisema. "Kwamba kuna wachawi wanaowafuga, wanawatuma kwa jirani kula mbuzi, kula mtoto. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikafanywa kampeni ya kuwamaliza, wachawi na chui pamoja. Nani angemtetea? Chui hakumpa mtu yeyote kitu, ila hofu."

Wataalamu kwa miaka mingi wamemhesabu kuwa amekwisha. Mwaka 2018 kamera moja ya televisheni ilionyesha mnyama anayefanana naye, na watu wakazungumza sana. Lakini mpaka sasa hajathibitishwa kuwa hai. Na sisi, watu wa nchi yenye kichwa cha chui ku nembo yake, wenye timu inayoitwa Léopards, tulikaa mu mashua ile tukijiuliza: wa kwetu, wa kweli, yuko wapi? Nani kati yetu alimwona nje ya jezi?

Kima na makala

Siku ya pili tulitoka mapema. Jozani iko karibu kilomita 35 kutoka mjini, kusini-mashariki. Tangu mwaka 2004 msitu huu, pamoja na mikoko ya ghuba ya Chwaka, ni hifadhi ya taifa, au parki kama tunavyosema kwetu. Ni parki ndogo, kilomita za mraba kama 50. Ukiiweka ndani ya Upemba utaitafuta usiione.

Huwezi kuingia peke yako. Unalipa tiketi mlangoni, unapewa kiongozi. Wetu alikuwa kijana wa Pete, kijiji cha pembeni. Kabla ya hatua ya kwanza alitusomea sheria: hakuna chakula mkononi, hakuna kugusa, sauti chini, na mwenye kikohozi abaki nyuma, sababu magonjwa yetu yanaweza kuvuka kwenda kwa mnyama. "Kima hana zahanati," alisema.

Tulikuwa tunajiandaa kutembea masaa. Dakika kumi tu, na tuliwakuta juu ya vichwa vyetu, kama familia thelathini hivi. Wanaitwa kima punju. Mgongo mwekundu kama udongo wa Likasi, uso mweusi, midomo ya waridi, na nywele nyeupe zimesimama kama za mtu aliyeamshwa usiku. Mikono yao haina kidole gumba: vidole vinne virefu, vya kushikia tawi. Duniani kote wanaishi ku kisiwa hiki tu, na wachache waliopelekwa Pemba. Wamo mu orodha ya wanyama walio hatarini.

"Jina lao linamaanisha nini?" tuliuliza.

"Punju ni sumu. Wazee walisema nyama yake ni mbaya, mbwa akiila ananyonyoka manyoya. Waliwachukia. Lakini chuki ile iliwasaidia: hakuna aliyewaweka chunguni."

Kisha alituonyesha jike moja chini, pembeni ya njia, amepakata mtoto. Alikuwa anatafuna kitu cheusi. Tulifikiri ni udongo. Kijana akasema: "Anakula mkaa."

Mama yetu akapiga kofi. "Makala? Iko anakula makala?"

Sasa ikawa zamu ya kijana kushangaa. "Makala ya gazeti?" Maana kule makala ni haya maandishi unayoyasoma sasa, ndugu msomaji. Ilibidi tueleze kwamba Lubumbashi makala siyo ya kusoma, ni ya kuwasha. Alicheka sana, na toka pale alituita "watu wa makala", kwa maana zote mbili.

Lakini jambo lenyewe ni la kweli na limeandikwa na wataalamu. Kima punju wanaokaa karibu na mashamba wanakula majani ya mwembe na ya mkungu. Majani yale yana chakula kingi, ila yana pia dawa kali inayosumbua tumbo. Mkaa unaivuta ile dawa na kuiacha chakula. Kwa hiyo kima wanaokota vipande mahali palipochomwa mkaa, hata ku majivu ya watu, na mtoto anajifunza kwa kumtazama mama yake. Matumbo yao ni kama ya ng'ombe: yanachachusha majani. Ndiyo maana ndizi yako tamu na biskuti yako ni sumu kwao. Sheria ya kutolisha siyo ukali bure.

Mmoja wetu wawili alisomeshwa na makala. Tuliandike wazi. Baba yake alikuwa anachoma tanuru mu pori, mbali na barabara ya Kasenga, na alfajiri anasukuma kinga yenye viloba vinne mpaka mjini. Kila mwaka alikuwa anaenda mbali kidogo kuliko mwaka uliopita, sababu miti ya karibu imekwisha. Mwenzetu alimtazama yule kima anavyotafuna taratibu, akasema kwa sauti ya chini: "Huku kima anakula makala. Kwetu makala njo inakula kima." Hakuna aliyecheka.

Babu na nazi zake

Tulimwuliza kijana swali tulilokuja nalo: nani anakula juu ya msitu huu?

Alituketisha ku gogo. Babu yake, alisema, alikuwa na minazi pembeni ya msitu, na kima walikuwa wanakuja kung'oa vinazi vichanga. "Babu alikuwa anawarushia mawe tangu asubuhi. Wakulima walisema: Serikali inalinda kima, nani anatulinda sisi?"

Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walikwenda kuhesabu. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 1999, yaliwashangaza watu: mahali ambapo kima walikula vinazi vichanga zaidi, mavuno ya mwisho hayakupungua, yalikuwa mengi zaidi. Mnazi unazaa vinazi vingi kuliko unavyoweza kulisha, na wengi wanaanguka wenyewe. Kima anapopunguza, vilivyobaki vinanenepa, sawa na mkulima anayepunguza mahindi yaliyopandwa karibu karibu.

"Babu aliamini?" 

"Hakuamini. Babu aliamini pesa."

Ndipo akaeleza. Sehemu ya pesa ya tiketi ilianza kurudi kwa wakulima wanaopakana na msitu na kwa vijiji: darasa, kisima, zahanati. Kijiji chake kilijenga njia ya mbao juu ya mikoko, na mgeni anayeipita anakilipa kijiji. Vijana walifundishwa majina ya miti na ya ndege, wakawa viongozi. Ku barabara kubwa inayokata msitu, ambako magari yalikuwa yanawaua kima, yaliwekwa matuta, zile dodane tunazozilaani mjini; vifo vikapungua. Na mwaka 2017, baada ya hesabu kubwa ya kisiwa chote, ilitangazwa kwamba kima punju ni zaidi ya 5,800, kama mara tatu ya ilivyodhaniwa.

"Usiandike kwamba kila mtu anafurahi," kijana alituonya. "Mwenye shamba mbali na lango, kima anakula kwake, na tiketi haimfikii. Kila mkutano kuna kelele. Lakini ni kelele juu ya kugawa, siyo kelele juu ya kuua. Hiyo ndiyo tofauti."

Tulimwuliza kama wageni wengine anawaambia hayo. Alitikisa kichwa. "Wanauliza kima ana miaka mingapi. Nyinyi ndio mmeuliza juu ya babu."

Tulimalizia kwa njia ile ya mbao, juu ya matope meusi, kati ya mizizi ya mikoko iliyosimama kama miguu ya buibui. Maji yalikuwa yanapanda. Kaa wadogo walikuwa wanaingia mashimoni tulipopita na kutoka nyuma yetu. Mama yetu, ambaye hajui kunyamaza, alinyamaza.

Pomboo hawakutuita

Siku ya tatu tulienda Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, ambako kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, kati ya ya zamani kabisa ku pwani yote. Watu wengi lakini hawaendi kusali. Wanaenda kutazama pomboo, wale wanyama wa baharini wanaopumua hewa kama sisi na kunyonyesha watoto wao.

Hapa hatutajisifu. Tulitoka na nahodha mtu mzima na msaidizi wake. Kabla ya kuondoka walituambia utaratibu: motari polepole, kukaribia kwa ubavu, kutowazunguka, kutorukia majini juu yao. Tukakubali vizuri. Baada ya nusu saa tuliona migongo mitano sita ikipanda na kushuka pamoja, pole pole. Na mashua nyingine zilikuwa zimeshafika. Moja ikasogea, ya pili ikapita mbele yake, watu wakaanza kuruka.

Mama yetu akasimama: "Sogea, papa, sogea! Hatuone kitu!" Na sisi, waandishi wa habari, wenye sheria zote mu daftari, tulitoa noti na kumwonyesha nahodha. Yeye ambaye tangu asubuhi alikuwa anaitwa samaki, alitutazama, akaitazama noti, akaongeza moto. Tukaingia katikati. Tuliona jike na mtoto wake ubavuni, karibu kabisa, labda kwa pumzi moja. Kisha wakazama wote. Hawakurudi.

Pwani, msaidizi wa nahodha alituambia bila hasira: "Wale walikuwa wamelala." Pomboo hawezi kulala kama sisi, anapumzika akiogelea taratibu, kundi pamoja. Watafiti waliofanya kazi Kizimkazi wameonyesha kwamba mashua nyingi zinawakatia mapumziko, na majike wenye watoto ndio wanaosumbuka zaidi. "Nahodha anajua," alisema. "Lakini akikataa, kesho mgeni atapanda kwa mwingine. Mngesema tu 'hapa panatosha, papa', angepumzika yeye, na pomboo pia." Alisema "papa" kwa Kikongo chetu, kwa kututania, lakini tulisikia aibu.

Halafu alitukumbusha kitu ambacho kilituzidishia uzito. Zamani wavuvi wa pale walikuwa wanawaua pomboo wapate chambo cha kuvulia papa, yule samaki wa kweli. Wageni walipoanza kuja kuwatazama, mwanzoni mwa miaka ya 1990, pomboo hai akawa na bei kuliko chambo, na kufika mwaka 1996 uwindaji ule ukaachwa. Kwa hiyo utalii uliwaokoa pomboo wa Kizimkazi. Na utalii ule ule, ukiwa hauna breki, unawachosha. Mikono ni ile ile. Siku ile ilikuwa mikono yetu.

Bahari iliyofungwa

Siku ya nne tuliomba nafasi ya kushinda Chumbe, kisiwa kidogo chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Nafasi siyo nyingi: nyumba za wageni ni saba tu, za makuti, zinazokusanya maji ya mvua ku mapaa yao, maana kisiwa hakina kisima. Tangu mwaka 1994 matumbawe ya upande wa magharibi yamefungwa kwa uvuvi. Walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wenyewe, waliofundishwa kazi nyingine.

Mama yetu alivaa miwani ya maji na jaketi la kuelea, akashika mkono wa kiongozi, akaingiza uso majini. Alipouinua alikuwa hana neno. Akarudisha uso. Chini kulikuwa na bustani: matumbawe kama kabichi, kama pembe, kama ubongo, na samaki wa rangi ambazo hata kitenge cha bei kubwa hakina. Hawakukimbia. Hawakuwa na sababu.

Kiongozi alieleza kwamba samaki wanaozaliwa pale hawajui mpaka. Wakijaa wanatoka, na wavuvi wa nje wanawakuta. Wanafunzi wa Unguja wanaletwa kutazama, maana watoto wengi wa kisiwa hawajawahi kuingiza macho chini ya bahari yao wenyewe. Hapo tulitazamana. Ni watoto wangapi wa Lubumbashi waliowahi kuona maporomoko ya Lofoi, au punda milia wa Upemba, wa mwisho mu nchi yetu yote?

Kaa wa nazi, yule mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, anayepasua nazi kwa koleo zake, hatukumwona. Anatembea usiku, na sisi tulikuwa wageni wa mchana. Kiongozi hakutafuta kumtoa shimoni ili atufurahishe. Baada ya Kizimkazi, tulimshukuru kwa hilo.

Kwa anayetaka kwenda

Nenda Jozani asubuhi mapema au jioni, wakati kima wanakula na joto si kali. Lipa mlangoni, omba karatasi ya malipo, na mpe kiongozi wako chake mkononi akikufanyia kazi vizuri. Vaa nguo ya heshima unapopita vijijini. Ni nchi ya Waislamu, na mwezi wa Ramadhani usile barabarani mchana. Majini, mwambie nahodha kwanza, kabla ya motari kuwaka: hatuna haraka, tutatazama kwa mbali. Na kumbuka, kule ukitaka nazi, unanunua.

Kwetu je?

Tulirudi kwa njia ile ile. Siku ya mwisho, saa za alfajiri, karibu ya kuingia Lubumbashi, basi ilipunguza mwendo. Mbele yetu kulikuwa na mstari wa kinga, moja nyuma ya nyingine, kila moja imebeba makala mpaka juu ya kichwa cha mwenyewe. Wanaume walikuwa wanasukuma bila kuongea, jasho linawaka mu taa za gari.

Ni rahisi kuandika kwamba wao ni wabaya. Hatutaandika vile. Umeme unakatika, mbabula inangojea, na watoto wanataka kula. Mwenzetu aliyesomeshwa na makala alikuwa anawatazama kwa dirisha, anatafuta labda mgongo anaoujua. Chui wa Unguja alikwisha sababu jirani yake alipata kwake hofu tu. Kima punju anaongezeka sababu jirani yake, hata akilalamika, anapata darasa na kisima. Mti wetu wa pori, ukiwa umesimama, unampa nini yule mtu wa kinga? Leo, hakuna. Ukianguka, unampa chakula cha juma moja. Tusimwambie aupende. Tumtafutie sababu.

Mama yetu alikuwa ameamka. Alihesabu kinga mpaka kumi na saba, akaacha. Kisha akasema, kama anaongea na mbabula yake mwenyewe: "Yule kima, alichukua paka kipande kimoja."